Umehamia Dar? Lijue jiji kituo kwa kituo, Jumamosi moja baada ya nyingine

Nilishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis nikiwa na begi moja, ndoo ya unga wa uwele na namba ya simu ya mwenye nyumba. Nilikuwa nimetoka Kongwa, Dodoma, nimepata kazi Posta, katikati ya jiji, na chumba Kimara. Miezi minne ikapita. Asubuhi mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake maalum, jioni mwendokasi, Jumapili kufua. Siku moja mama akanipigia akauliza, "Mwanangu, bahari ikoje?" Nikakosa la kumwambia. Nilikuwa nafanya kazi mita chache kutoka bandarini na sikuwahi kusimama ufukweni hata dakika tano.

Jumamosi iliyofuata nilitoka, na sijaacha tangu hapo. Haya ninayoyaandika ndiyo ningependa mtu angeniambia wiki ya kwanza. Ni kwa ajili ya mtu anayeishi hapa, mwenye mshahara wa kawaida na siku moja ya kupumzika.

Hatua ya 1: Kariri vituo vya njia yako

Dar watu hawaelekezani kwa namba za nyumba. Majina ya mitaa yapo, lakini nje ya Posta na Kariakoo ni wachache wanaoyatumia. Wanaelekezana kwa vituo: "shuka Bamaga", "ukifika Tip Top nipigie", "ni nyuma ya Shekilango". Asiyejua vituo ni mgeni hata akikaa miaka mitatu.

Anza na njia unayopita kila siku. Mimi nilianza na ya mwendokasi, kutoka Kimara Mwisho hadi Kivukoni, nikajilazimisha kuangalia dirishani badala ya simu: Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo, Ubungo Maji, Ubungo, Shekilango, Urafiki, Manzese, Tip Top, Argentina, Kagera, Mwembechai, Usalama, Magomeni Mapipa, Jangwani, Fire, DIT, Kisutu, Posta ya Zamani, Kivukoni. Wiki moja ilitosha. Kisha nikaanza kuuliza kwa nini kila kimoja kinaitwa hivyo, na hapo ndipo jiji lilipoanza kunifungukia. Urafiki ni kile kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China. Fire ni kwa sababu ya zimamoto. Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi, ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha utasikia barabara imefungwa Jangwani na mji umekatika vipande viwili.

Kwa upande wa daladala, soma maandishi ya mbele: yanataja linakoanzia na linakoishia. Angalia pia mstari wa rangi ubavuni, kwa kuwa kila njia ina rangi yake, na ukizizoea utalitambua gari lako likiwa bado mbali. Ukipanda, mwambie konda mapema: "Kaka, naomba unishushe Makumbusho, mimi mgeni." Hakuna aibu. Ukikaribia, paza sauti, "Shusha!" Ukinong'ona utapitilizwa.

Na ukipotea, muulize mtu aliyekaa: fundi viatu, mama lishe, muuza matunda. Huyo yuko pale kila siku. Anayetembea huenda ni mgeni kama wewe. Kwa mtu mzima anza na shikamoo, ndipo useme unachotafuta. Mwenzio wa rika moja, "Mambo, samahani" inatosha.

Hatua ya 2: Panga Jumamosi yako kabla haijafika

Chagua eneo moja tu kwa siku. Kosa nililolifanya mara ya kwanza ni kutaka Kariakoo, Makumbusho na Coco Beach siku moja. Nilikula foleni muda wa saa nne na nikarudi na kichwa kinauma.

Toka mapema. Kuanzia Desemba hadi Machi, saa 4 asubuhi jua limeshakuwa kali na unyevu wa bahari unakulowanisha shati, hasa wewe uliyezoea baridi kavu ya bara. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri zaidi kwa kutembea. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, panga ratiba ambayo inaweza kuahirishwa.

Beba chupa ya maji, kofia, kitambulisho cha taifa na chenji ndogondogo. Kitambulisho kina kazi: makumbusho na hifadhi zina kiingilio cha Mtanzania, ambacho ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Simu weka mfuko wa mbele, mkoba upande wa ukuta na si upande wa barabara, maana vibaka wa pikipiki wanapora wakipita. Bodaboda na bajaji patana bei kabla ya kupanda. Niliwahi kupanda bajaji bila kupatana, nikadaiwa mara tatu ya nauli yenyewe, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika sikuwa na la kusema.

Jambo moja zaidi, na hili ni zito: usipige picha Ikulu, bandarini wala mahali penye askari. Ukiwa Kivukoni vyote hivyo viko karibu karibu, kwa hiyo angalia simu yako inaelekea wapi.

Hatua ya 3: Anza na Feri, saa 12 na nusu asubuhi

Panda mwendokasi hadi mwisho, Kivukoni. Ukishuka fuata harufu. Soko la samaki la Feri ndilo ningependa kila mtu wa bara alione kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hapo utaiona bahari ikifanya kazi.

Boti zinaingia alfajiri. Samaki wanamwagwa kwenye meza za zege na dalali anaanza mnada hapo hapo, anapanda kwa elfu elfu, haraka kiasi kwamba mara ya kwanza sikuelewa hata neno. Simama pembeni, usizibe njia, maana wabebaji wanapita na ndoo vichwani na hawasimami. Tazama wanaonunua. Wengi ni akina mama wanaokwenda kukaanga na kuuza mitaani kwao. Wanaangalia shavu la samaki kama bado jekundu, wanabonyeza nyama kwa kidole gumba, wanaguna, wanapandisha mia tano, wanaondoka. Mama mmoja aliniona nashangaa, akanishika mkono na kunibonyezesha changu wawili. Wa kwanza nyama ilirudi juu mara moja. Wa pili kidole kiliacha shimo. "Huyu alilala," akasema. Sijadanganywa samaki tangu siku ile.

Utaona kibua, changu, nguru, jodari, ngisi, na pweza wakipigwapigwa sakafuni ili walainike. Ukitaka kununua, usiingie kwenye mnada. Nenda kwa wanaouza kwa mafungu. Mpe kijana wa kupara akuparie, kisha peleka upande wa wakaangaji, kwenye makarai makubwa juu ya kuni. Utakula samaki wa moto na ndimu, ukiwa umesimama, na boti zinatingishika mbele yako. Vaa viatu visivyoogopa maji.

Hatua ya 4: Tembea kwa miguu mpaka kwa Askari

Ukishashiba, shika Barabara ya Kivukoni, bandari ikiwa mkono wako wa kushoto. Hii ndiyo sehemu ya zamani ya mji. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, kisha miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji wake hapa. Alifariki 1870 kabla haujakamilika. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo.

Utalipita kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye kuta nyeupe na paa la vigae vyekundu. Mbele zaidi utafika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, na ng'ambo ya barabara ndiko zinakofunga boti za Zanzibar. Ukiendelea, kwenye kona ya Sokoine Drive na Morogoro Road, kuna Boma la Kale, la enzi za Majid mwenyewe. Wengi wanalipita bila kugeuza shingo. Simama. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, na mlango ni wa kuchongwa kama ile ya Zanzibar. Weka kiganja ukutani: utahisi jinsi jiwe lilivyojaa vijishimo. Hilo lilitolewa baharini.

Panda Morogoro Road hadi Samora, kata kulia, tembea mpaka mzunguko wa Askari. Sanamu ile ya shaba iliwekwa 1927, ya askari ameinama kidogo, bunduki na singe vikielekea bandarini. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, Waingereza wakaiondoa. Karibia usome maandishi chini, yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi. Hao wapagazi washike akilini, utakutana nao tena Jumamosi ijayo.

Ukiwa na nguvu bado, endelea na Samora upande wa mashariki hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1893. Kaa kivulini. Inatosha kwa siku hiyo.

Hatua ya 5: Kariakoo, ukiwa huna shida ya kununua

Kila mtu huenda Kariakoo kununua kitu, kwa hiyo anaiona bei tu. Nenda mara moja bila orodha, na pesa kidogo.

Jina lenyewe ni la wale wapagazi. Waingereza walipouchukua mji 1916, kikosi cha wabeba mizigo, Carrier Corps, kilipiga kambi eneo hili, na midomo ya watu ikaligeuza jina likawa Kariakoo. Walichukuliwa kutoka vijijini, wakabeba shehena kwa miguu mamia ya maili, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa zaidi ya risasi. Sisi tunapaita jina lao kila siku tukiulizia bei ya vitenge. Nilipolijua hilo sikuweza tena kupita pale kwa Askari kama zamani. Babu wa babu yangu huenda alikuwa mmojawao. Kwetu Ugogo nako watu walichukuliwa.

Anzia Mnara wa Saa, shika Mtaa wa Uhuru, pita viwanja vya Mnazi Mmoja uone Mnara wa Mwenge. Mtaa wa Lumumba ndiko TANU, iliyoundwa Julai 7, 1954, ilikokuwa na ofisi yake. Kisha jitose: Kongo kwa nguo, Aggrey kwa simu, Msimbazi kwa kila kitu, na huko ndiko makao ya Simba. Jengo kuu la soko, lile lenye paa la zege kama miavuli mikubwa, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa 1975. Liliungua Julai 2021. Litazame kutokea nje, utaelewa: ile miavuli inapitisha upepo, na msanifu alikuwa anafikiria joto la hapa.

Baki mpaka jioni kama unaweza. Magari yakipungua, wauza kahawa hutoka na birika juu ya jiko dogo la mkaa, wakigonganisha vikombe ili usikie wako wapi. Kahawa chungu na kipande cha kashata. Kaa kwenye benchi la wazee, amkia, sikiliza. Ukiuliza swali moja la historia ya mtaa huo, utapata majibu matano na mabishano ya nusu saa, na wote watakuhakikishia wao ndio waliokuwepo.

Hatua ya 6: Makumbusho mawili, siku mbili tofauti

Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, kando ya Bustani ya Mimea. Yalifunguliwa 1940. Nenda kwa ajili ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959, na magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi. Nje kuna ukumbusho wa shambulio la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998, ambamo watu 11 walikufa hapa Dar. Saa mbili zinatosha.

Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, ni kitu kingine kabisa, na daladala zinakushusha karibu. Kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya, nyumba ya Wachaga, na tembe. Niliingia ndani ya ile tembe nikasimama. Paa la udongo liko chini, mwanga unaingia mlangoni tu, na ile harufu ya udongo mkavu na moshi ikanirudisha kwa bibi yangu Kongwa. Nilikaa mle kama robo saa. Ukihisi upweke mjini, na mgeni yeyote huuhisi, nenda ukatafute nyumba ya kwenu mle. Mara nyingi mchana kuna ngoma pia.

Ukiwa njia ya Morogoro Road, shuka Magomeni siku yoyote uulizie nyumba ya Mwalimu. Ni nyumba ndogo ya kawaida, aliyoishi Nyerere wakati wa kudai uhuru, na sasa ni makumbusho. Udogo wake ndio utakaoukumbuka.

Hatua ya 7: Vuka maji

Kivuko cha Kigamboni ni safari ya dakika chache tu, lakini ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuliona jiji lote likiwa limesimama mbele yako. Nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo. Tengeneza N-Card, kadi ya kulipia, mapema, itakufaa na uwanjani. Epuka asubuhi ya siku za kazi na jioni, wakati watu wanasongamana. Simama upande wa nyuma unapoondoka Magogoni, yaani upande wa mjini, utazame majengo ya Posta yakirudi nyuma. Ng'ambo panda bajaji au daladala hadi Mjimwema, ufukwe uko karibu. Ukipenda kurudi kwa njia nyingine, pita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016.

Visiwa vinahitaji akiba kidogo. Bongoyo boti zake hutokea Msasani, Mbudya hutokea Kunduchi. Vyote ni hifadhi ya bahari, kuna kiingilio. Nendeni watu wanne au sita mchangie boti, na mwambie nahodha saa ya kuwarudia, mchukue na namba yake. Ukiwa Kunduchi, tenga saa moja kwa magofu: msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyokuwa yamepambwa kwa sahani za Kichina.

Hatua ya 8: Jumapili jioni na siku ya mechi

Coco Beach ni Jumapili kuanzia saa 10 jioni. Mihogo ya kukaanga, pilipili, kachumbari, watoto mchangani. Kabla ya kufika, pita Morogoro Stores, Oysterbay, uwaone wachoraji wa Tingatinga wakifanya kazi. Mtindo huo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972. Hawachukii mtu anayetazama tu.

Mechi ya Simba na Yanga, Uwanja wa Mkapa, nenda walau mara moja. Uwanja unachukua watu 60,000. Ingia saa tatu kabla ya mechi kuanza, na uwe na uhakika na upande unaokaa: nyekundu na nyeupe huku, kijani na njano kule.

Hatua ya 9: Mlete mtu wa kwenu

Hii ndiyo hatua niliyokuwa naingojea. Mama alikuja mwaka jana kwa treni ya SGR kutoka Dodoma. Kwa mzee, punguza kila kitu: Feri usiende alfajiri, nenda saa 3 msukosuko ukiwa umepungua, Kariakoo mpitishe kwa bajaji, Kijiji cha Makumbusho kina kivuli na mahali pa kukaa, na kivuko panda siku ya Jumapili asubuhi.

Mjimwema mama alivua viatu, akapandisha kanga magotini, akaingia maji ya kifundo. Alichota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Kweli ni chumvi," akasema, kama mtu aliyekuwa akisimuliwa maisha yake yote na sasa amehakikisha. Kisha akaniuliza chombo kiko wapi, awapelekee jirani zake Kongwa nao waonje. Sikuwa nacho. Tulihangaika kibandani mpaka tukapata chupa ya soda. Kwa hiyo ukimpeleka mgeni wa bara baharini, beba chupa tupu yenye kizibo kinachobana, na mfuko mgumu wa kuifungia, maana safari ya kurudi ni ndefu.